Manute Bol: Mchunga Ng'ombe Aliyefika Chuo

Wanakisomo, sisi watu wa Pemba tunapenda michezo. Vijana wa Konde hucheza mpira wa miguu. Wazee nao wanaujua mchezo wa ng'ombe. Leo tusome habari za mtu aliyejaribu michezo mingi akapata sifa duniani. Hata hivyo, kutojua kusoma kulikaribia kumfungia njia.

Jina lake ni Manute Bol. Kumbukumbu za mchezo wake zinasema alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Kwao ni Turalei, katika nchi ambayo leo inaitwa Sudan Kusini. Alikuwa Mdinka, na Wadinka ni wafugaji. Utotoni alichunga ng'ombe. Hakupata masomo ya skuli.

Manute alikuwa mrefu kupita kiasi. Alifika sentimita 231, yaani futi 7 na inchi 7. Kuingia katika nyumba ya kawaida ilimbidi ainame.

Kwanza alicheza mpira wa miguu. Urefu ukamzidi, akauacha. Ndugu zake wakamshauri ajaribu mpira wa kikapu. Katika mchezo huu kikapu hutundikwa futi 10 kutoka chini. Wachezaji wengine huruka ili wakifikie. Manute alikigusa bila ya kuruka. Alicheza katika mji wa Wau, kisha akaenda Khartoum.

Huko Sudan mwalimu wa michezo kutoka Marekani alimwona. Mwaka 1983 Manute alikwenda Marekani, katika mji wa Cleveland. Chuo kimoja cha huko kilimtaka kwa ajili ya mchezo. Lakini sharti la chuo ni masomo. Manute alikuwa mtu mzima, naye hakujua kusoma wala kuandika Kiingereza. Akaingia darasani kujifunza, kama mnavyofanya ninyi. Alipata maendeleo, lakini hayakutosha. Chuo kile kikashindwa kumpokea.

Manute hakukata tamaa. Mwaka 1984 alipokewa na Chuo Kikuu cha Bridgeport. Aliendelea na masomo ya lugha huku akicheza. Watu walijaa ukumbini kumtazama. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda kikapu. Katika kila mchezo alizuia mipira kiasi cha 7 isiingie. Timu yake ilishinda michezo 26 na kushindwa 6.

Mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ilimwajiri. Katika msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397. Alicheza katika ligi kubwa ya Marekani kwa miaka 10. Kwa muda wote huo alifunga pointi 1,599, lakini alizuia mipira 2,086. Kwa hiyo alisaidia timu zake kwa kulinda zaidi kuliko kwa kufunga.

Manute alipata fedha nyingi. Lakini kwao kulikuwa na vita tangu mwaka 1983. Jamaa zake wengi waliuawa, na wengine wakawa wakimbizi. Sehemu kubwa ya mali yake aliitoa kuwasaidia watu wa Sudan, hadi mwenyewe akabaki na kidogo.

Fedha zilipokwisha, alirudi katika michezo kwa njia nyingine. Mwaka 2002 alipanda ulingoni kupigana ndondi ili kuchangisha fedha za watoto wa Sudan. Pia alijiandikisha katika timu ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Mwaka 2003 alipata leseni ya kupanda farasi wa mashindano. Watu walicheka jambo hilo kwa mtu mrefu hivyo. Yeye hakujali kuchekwa, mradi wenzake wapate msaada.

Mwisho wa maisha yake alishughulikia ujenzi wa skuli huko Turalei. Alitaka watoto wa kwao wapate kile alichokikosa yeye. Hakuiona ikikamilika. Tarehe 19 Juni 2010 alifariki dunia huko Marekani kwa maradhi, akiwa na umri wa miaka 47. Alizikwa kijijini kwao. Mwaka uliofuata Sudan Kusini ikapata uhuru.

Ndugu msomaji, urefu Manute alizaliwa nao. Kusoma alikutafuta kwa jitihada ukubwani. Vipaji tunapewa, lakini elimu lazima tuitafute. Na faida ya elimu na mali ni kuwafikia wengine.

Maswali

1. Kwa nini chuo cha kwanza kilishindwa kumpokea Manute?
2. Manute aliisaidia timu yake kwa kazi gani?
3. Mali yake aliitumia vipi? Jadilianeni: je, alifanya sawa kutoa hadi akabaki na kidogo?