Satyajit Ray: Msee wa ofisi aliyeuza vitabu vyake akatengeneza moja ya muvi kali zaidi duniani

Kama una stori kwa kichwa na unangoja upate kamera poa na doo ya kutosha ndio uanze kushuti, tulia kidogo usikie ya huyu msee. Anaitwa Satyajit Ray, mtu wa Calcutta kule India. Muvi yake ya kwanza kabisa, Pather Panchali ya 1955, bado iko kwa orodha za filamu bora kuwahi kutengenezwa. Jarida la Uingereza, Sight and Sound, huuliza wachambuzi swali hilo kila baada ya miaka 10. Mwaka wa 1992 Pather Panchali iliingia kumi bora, na 2022 ilikuwa bado ndani ya 50 za kwanza. Haina gari linalolipuka, haina staa, na wengi walioitengeneza walikuwa bado wanajifunza kazi.

Ray alizaliwa tarehe 2 Mei 1921 kwa familia ya watu wa vitabu. Babu yake alikuwa mwandishi na mchapishaji. Buda yake, Sukumar, aliandika mashairi ya kuchekesha ambayo watoto wa Bengal hukariri hadi leo. Lakini buda alikufa Satyajit akiwa hajafikisha miaka mitatu, biashara ya kuchapisha ikaanguka, na mathe akamlea kwa nyumba ya mjomba. Alisoma uchumi, akaingia shule ya sanaa ya Tagore kule Santiniketan, akatoka kabla ya kumaliza. 1943 akaandikwa na D.J. Keymer, kampuni ya matangazo ya Waingereza, kama mchoraji. Mshahara ulikuwa rupia 80 kwa mwezi.

Pembeni alikuwa anachorea vitabu. Siku moja akapewa toleo la watoto la Pather Panchali, riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay kuhusu familia maskini ya kijijini: kijana Apu, dadake Durga, mathe anayehesabu kila punje ya mchele, na baba mwenye ndoto nyingi na mfuko mtupu. Stori ikamkaa kichwani ikakataa kutoka.

1950 kampuni ikamtuma London kwa miezi kadhaa. Mchana ofisi, jioni sinema. Aliona filamu karibu 100, na moja ikammaliza kabisa: Bicycle Thieves ya Muitaliano Vittorio De Sica, kuhusu mwanamume anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa. Ilishutiwa barabarani na watu ambao hawakuwa waigizaji. Kwa meli ya kurudi nyumbani Ray tayari alikuwa anaandika muvi yake.

Sasa, doo. Alizunguka kwa maprodusa na kitabu cha michoro, kila tukio amelichora kwa mkono. Mmoja baada ya mwingine wakamwambia zii. Nyimbo ziko wapi? Staa ni nani? Na nani hushuti nje, kwa mvua? Basi akaanza na pesa zake. Alikopa kwa bima yake ya maisha, akauza vitabu vya sanaa na rekodi zake za muziki, na vito vya mkewe Bijoya vikawekwa rehani. Kamera akampa Subrata Mitra, kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kushika kamera ya muvi. Kazi ilikuwa ya siku za mapumziko tu, kwa sababu Ray hakuwa ameacha ofisi.

Siku ya kwanza, Oktoba 1952, walishuti Apu na Durga kwa shamba la kaash, nyasi ndefu za maua meupe. Wakarudi Jumapili iliyofuata. Ng'ombe walikuwa wamekula maua yote. Manze, fikiria ni wewe. Ray alingoja mwaka mzima, hadi maua yakarudi, ndio akamaliza hilo tukio la watoto wakikimbilia treni. Ndilo watu wanalolikumbuka zaidi hadi leo.

Kazi ilisimama mara nyingi doo ikiisha, ikaendelea kwa karibu miaka mitatu. Mbwa wa kwenye stori alikufa, wakatafuta anayefanana naye. Muuza peremende pia alikufa, na mtu mwingine akaonyeshwa kwa mgongo. Kitu cha kushangaza ni kwamba sauti ya Apu haikubadilika, Durga hakurefuka, na Chunibala Devi, nyanya wa karibu miaka 80 aliyeigiza shangazi mzee, alifika mwisho wa kazi. Alifariki kabla muvi kutoka.

Serikali ya jimbo la West Bengal ndiyo iliyookoa jahazi. Kwa vitabu, pesa hizo ziliandikwa kama za barabara, kwa sababu jina la muvi lina maana ya wimbo wa njia ndogo. Kuna waliotaka mwisho ubadilishwe uwe wa furaha. Ray akakataa.

Ilionyeshwa New York Mei 1955, Calcutta Agosti. Siku za kwanza watu walikuwa wachache, halafu mtaa ukaambiana na foleni zikajaa. 1956 ikachukua tuzo Cannes.

Lakini kwa nini ni kali hivyo? Angalia hili tukio (kama hujaiona, ruka hii aya). Baba anarudi baada ya miezi, anatoa zawadi, anamwonyesha mkewe sari aliyomnunulia Durga. Hajui Durga amekufa. Mama anaanguka akilia, na Ray ameondoa sauti yake. Unasikia ala moja tu ikipanda juu, kwa muziki wa Ravi Shankar. Hakuna anayekuelezea huzuni. Kwangu hiyo dakika moja inashinda muvi nyingi za bajeti kubwa.

Si wote walimpenda. 1980 Nargis, staa wa zamani aliyekuwa bungeni, alimshutumu kwamba anauzia wageni umaskini wa India. Mimi siioni hivyo. Hii familia inacheka, inagombana, inaiba maembe. Umaskini ndio nyumba wanamoishi, si sura yao.

Ray aliendeleza maisha ya Apu kwa filamu mbili, Aparajito iliyoshinda Venice 1957 na Apur Sansar ya 1959, na akatengeneza nyingine nyingi. 1983 moyo ukaanza kumsumbua. Oscar ya heshima ilimpata 1992 akiwa kitanda cha hospitali Calcutta, akiishika kwa shida. Alifariki tarehe 23 Aprili mwaka huo huo.

Mwaka uliofuata, moto uliwaka kwa maabara moja ya filamu London, na mikanda asili ya zile muvi tatu za Apu ikaungua. Wengine wangetupa hayo majivu. Yaliwekwa, na miaka 20 baadaye mafundi wa Bologna, Italia, wakaanza kuilainisha na kuibandua mikanda iliyoshikana, kipande kwa kipande. Ya Pather Panchali waliokoa karibu asilimia 40, iliyobaki wakajaza kwa nakala nyingine. Ilionyeshwa tena New York 2015, miaka 60 baada ya ile mara ya kwanza. Hiyo ndiyo nakala ya kutafuta wikendi hii.