Dr. Krapf na Maneno Yake

Johann Ludwig Krapf, mwana wa mkulima, alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Alipokuwa Uhabeshi, alikofika mwaka 1837, alitia nia moja: kuwapelekea Injili Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagala. Njia ya huko ilipofungwa alizunguka kwa bahari, akafika Mombasa mwaka 1844, apate kuwaendea kwa upande wa kusini.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa ilimwua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa baada ya siku chache. Krapf naye alikuwa mgonjwa. Kama angalipanda jahazi arudi kwao, nani angalimlaumu? Lakini alikuwa amekwisha kuanza kazi nyingine, ndogo kwa kuitazama: kujifunza Kiswahili na kuyaandika maneno aliyoyasikia. Nadhani ndiyo iliyomshika. Nia ile kubwa ilikuwa mbali, haikuonekana. Bali neno moja huweza kuandikwa hata siku ya msiba. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi kilipigwa chapa Tübingen.

Misheni aliyoitamani kwa Waoromo hakuipata. Mwaka 1853 ugonjwa ulimrudisha Ulaya, akakaa Korntal, na maneno yake hakuyaacha hata uzeeni. Alifariki mwezi wa Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili, kitabu kinene, ilitoka London mwaka 1882, na watunga kamusi waliomfuata walichota humo.