Mbatian, mwenye chongo aliyeona mbali

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu mmoja aliniacha nyuma wenzangu walipozuru vilima vya Ngong. Nina chongo tangu utotoni, naye alidai kwamba sitaona kitu. Hadi leo, kila nivipandapo vilima hivyo, humkumbuka Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai, ambaye naye alikuwa na jicho moja.

Mbatian alirithi ulaiboni kwa babake, Supeet, akafariki yapata mwaka wa 1890. Simulizi aliyoichapisha Hollis mwaka wa 1905 yaeleza kwamba, alipokuwa taabani, alimwagiza kifungua mimba wake, Sendeyo, aje asubuhi kupokea vifaa vya ulaiboni. Olonana, aliyejificha katika zizi la ndama, aliyasikia hayo, akamtangulia nduguye mapema. Mzee hakumtambua, akamkabidhi. Ndugu hao wakafarakana hadi mwaka wa 1902.

Walimu wengi husema kuona kwa jicho moja ndiko kulikomponza. Mimi napinga. Macho mawili yametengana kwa takriban sentimita sita, hivyo kila moja hupata picha iliyohitilafiana kidogo na ya mwenzake. Ubongo hupima umbali kwa tofauti hiyo, kama alivyodhihirisha Charles Wheatstone mwaka wa 1838. Mwenye chongo hukosa kipimo hicho, ndiyo maana mara nyingine mimi humwaga chai kando ya kikombe. Lakini uso wa mwana hautambuliwi kwa kipimo hicho. Uzee na kiza cha alfajiri vyatosha kumhadaa hata mwenye macho mawili.

Aidha, tofauti hiyo hufifia kadiri kitu kilivyo mbali. Tuutazamapo Mlima Suswa kutoka Ngong, sote tu sawa: twakisia umbali kwa udogo wa kitu, kwa utusitusi unaokifunika, na kwa kilima kinachokinga kingine.

Kiswahili nacho husema kuona mbali kwa jicho na kwa akili vilevile. Yasimuliwa kwamba Mbatian alitabiri maangamizi ya mifugo na kuja kwa wazungu. Sotoka ikaja. Wazungu wakaja. Mwaka wa 1904 Olonana, mwenye macho mawili, alikuwa miongoni mwa walioridhia mkataba uliowaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa jicho moja akikosa kuudaka mpira, asichekwe. Na siku ya kupanda vilima, asiachwe nyuma.