Daktari wa Mengo na Ulinzi wa Ubongo wa Mtoto

Askari anayekatiza Kikuubo, kichochoro kile cha Kampala ambamo wachukuzi hupishana na mizigo mabegani, akipanda barabara kuelekea magharibi atafika kilima cha Namirembe. Huko ndiko hayati Daktari Albert Cook alikoanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897.

Cook alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alifika Uganda akiwa na miaka 26, baada ya safari ya miguu kutoka Mombasa. Mwaka 1901 yeye na nduguye, aliyekuwa pia daktari, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini. Kwa mwili wa binadamu, ubongo ndio makao makuu, uti wa mgongo ni njia kuu ya mawasiliano, nayo mishipa ya fahamu hupeleka amri na kurudisha taarifa. Vijidudu vya malale vikishayateka makao makuu hayo, mgonjwa husinzia, hupotewa na akili na hatimaye hufa. Kandokando ya Ziwa Victoria waliangamia watu zaidi ya laki mbili.

Lakini Cook alitambua kwamba adui humvizia binadamu hata kabla hajazaliwa. Kaswende ya mama huweza kumfikia mtoto tumboni na kumharibu ubongo. Uzazi mgumu nao huweza kumkosesha hewa, na dakika chache tu zatosha kumlemaza maisha. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba makisio yake ya kaswende yalizidi, kwa kuwa wengine waliohesabiwa waliugua buba. Hata hivyo, silaha aliyoichagua ilikuwa ya kufaa. Mwaka 1918 yeye na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walianzisha shule ya wakunga, na wasichana wa Uganda waliohitimu wakaenda kuwahudumia wazazi vijijini.

Cook alifariki Kampala mwaka 1951. Leo yajulikana kwamba mfereji unaojenga ubongo na uti wa mgongo hufungika yapata siku ya 28 ya mimba, wakati akina mama wengi hawajajitambua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo mpiganaji mwenye mke asingoje tumbo lionekane. Vidonge vya asidi ya foliki huanzwa kabla ya mimba, kliniki huhudhuriwa mapema, na mume naye hupimwa damu pamoja na mkewe. Ulinzi wa nyumba yake huanzia hapo.