Dereva wa tajiri aliyefundisha lori kupanda mlima, kisha kushuka

Ukipita Salgaa usiku wakati trela zinashuka kutoka Sachangwan, sikiza vizuri. Kuna madereva ambao hawakanyagi breki ovyo. Wanabonyeza swichi, injini inabweka tatatata, na mzigo wote unatulia. Jamaa aliyebuni mtambo huo alianza kama dereva wa mtu, na shule yake iliishia darasa la nane.

Clessie Cummins alizaliwa 1888 kwa wakulima wa Indiana, Marekani. Bado mvulana, alijiundia injini ya mvuke. Mwaka 1908 akapata kazi mjini Columbus, kumwendesha mwenye benki aliyeitwa W.G. Irwin. (Mimi niliyeacha chuo huwa nairudia sehemu hii mara mbili.) Bosi akamwachia nafasi ya karakana, baadaye akatoa pesa, na 1919 wakafungua kampuni ya injini za dizeli.

Miaka kumi pesa ziliingia tu, hazikurudi. Dizeli enzi hizo ilikuwa ya meli na mashine zisizohama. Krismasi ya 1929, mzee akiwa karibu kuchoka kabisa, Clessie alimtembeza kwa Packard aliyokuwa ameifunga injini ya dizeli. Irwin akafungua mfuko tena. Mwaka 1931 gari lao la dizeli lilimaliza maili 500 za mashindano ya Indianapolis bila kusimama hata mara moja. Lilikuwa la 13, lakini nani mwingine alikuwa hajaongeza mafuta?

Kilichofuata ni injini ya lori yenye silinda sita kwa mstari mmoja, na hiyo ndiyo iliyoijenga kampuni. Sasa ngoja nikueleze walivyoipa nguvu injini kama hiyo, maana hapa mafundi wengi wa mtaani huchoma pistoni za watu. Kufungulia pampu imwage dizeli nyingi ni rahisi. Lakini dizeli bila hewa ya kutosha ni moshi mweusi na joto la kuyeyusha chuma. Hewa kwanza. Kwa hiyo unafunga tabo, ile feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwa ekzosi, ikisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hapo sasa dizeli ya ziada ina cha kuchomekea.

Mwaka 1952, kampuni, kazi ikiongozwa na Don, ndugu yake Clessie, ilichukua injini ya lori ya silinda sita, lita 6.6. Wakaipunguza uzito kwa aluminiamu, wakailaza ubavu ili gari liwe chini, wakaifunga tabo. Nguvu ikapanda zaidi ya mara mbili. Fred Agabashian akaiendesha Indianapolis kwa wastani wa maili 138 kwa saa, na injini ya lori ikaanza mbio mbele ya magari yote. Ilikata mzunguko wa 71. Mdomo wa kuvuta hewa ulikuwa chini mno, ukafyonza vipande vya matairi mpaka tabo ikaziba. Yaani hewa ndiyo ilileta ushindi na hewa ndiyo ikauua.

Lakini Clessie mwenyewe alikuwa na deni la zamani kichwani. Mwaka 1931, akilipeleka lori la dizeli California, breki zilimchomekea akishuka Cajon Pass, na chini kabisa treni ya mizigo ilikuwa inakata barabara. Waliponea chupuchupu. Injini yake iliweza kupandisha mzigo wowote, ila kuuteremsha, hapana.

Jibu lilimjia miaka ya 1950. Pistoni ikishakandamiza hewa, fungua vali za ekzosi hewa itoroke kabla haijairudisha pistoni chini. Injini inaacha kusukuma magurudumu, inayashika. Na mkono wa kufungua vali hizo haukuhitaji kutafutwa mbali: alitumia mwendo uleule unaobonyeza kichomeo cha dizeli. Kampuni ya Jacobs ikaanza kuuza breki hiyo 1961.

Clessie alifariki 1968. Huko kwao miji mingi imeweka vibao vya kukataza madereva kuitumia karibu na nyumba za watu, eti kelele. Mimi nikiwa kwa basi la usiku, nikiisikia nyuma yetu kwenye mteremko, ndipo napata usingizi.