Sir John Kirk, Balozi Mpenda Miti

Watu wa Thika na Ruiru wameingiwa na hamu ya kupamba nyua zao kwa miti ya jamii ya mnazi na mpopoo, tena ile ya nadra itokayo ng'ambo. Nami nionapo hamu hiyo humkumbuka mtu aliyewatangulia, huku kwetu pwani: Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza wa Unguja.

Bwana huyu alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa tabibu na mchunguzi wa mimea. Mwaka 1866 aliingia Unguja kuwa daktari wa ubalozi, na mwaka wa pili yake makala yake juu ya jamii ya mnazi katika Afrika ya Mashariki ikapigwa chapa Uingereza. Wengi wetu mkindu twaujua kwa mkeka. Yeye aliutazama kama alimu atazamavyo kitabu.

Huko Mbweni, kusini ya mji, alifanya bustani. Mbegu na miche alipelekeana na bustani ya Kew ya London, akijaribu mimea ya kigeni aone ni ipi itakayokubali udongo wa kisiwa. Hili ndilo somo la kwanza kwa mtu wa Thika: mti wa pwani ukipandwa zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, ambako Julai ina baridi, haukatai kwa ukaidi, umetolewa kwao. Jaribu kwanza, usinunue kwa macho.

Lakini mkono ule ule uliopanda uliweza kubana. Mwaka 1873 Kirk alimtisha Seyyid Barghash kwa manowari mpaka akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kufungwa soko lile kulikuwa kheri, hapana shaka. Ila mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipoikata bara na kumwachia Seyyid mwambao wa maili kumi tu, serikali ya Kirk haikumtetea aliyeitegemea. Mwaka huo Kirk akaondoka Unguja. Alifariki Uingereza mwaka 1922.

Jina lake limebaki katika elimu: kima punju wa Unguja huitwa kwa jina lake. Mimi naona hapo pana la kutuuma. Mgeni alijua thamani ya miti yetu kabla yetu. Pemba kuna mpapindi, ambao porini hauoti kokote duniani ila kisiwani humo. Wangapi miongoni mwetu waujua?

Chuoni tulifundishwa kuwa apandaye mti, akala ndege au mwanadamu, ana sadaka. Basi na tupande, lakini tuanze na vyetu.