Mume na Kamera, Mke na Bunduki

Mpenzi msomaji, je, wewe na mwenzi wako mmewahi kufanya kazi moja kutwa nzima bila kununiana? Hapa Migwani wengi wetu hushindwa hata kupalilia mbaazi pamoja. Basi sikieni habari za Martin na Osa Johnson, bwana na bibi kutoka Kansas, Marekani.

Walioana mwaka 1910, Osa akiwa na miaka 16 na Martin 25. Walifanya hivyo kwa siri, jambo ambalo hatuwashauri vijana wetu. Watoto hawakujaliwa.

Kati ya mwaka 1924 na 1927 waliishi Marsabit, kando ya Ziwa Paradiso, wakitengeneza filamu za wanyama. Hebu fikirini kifaru anakuja mbio. Martin anazungusha mkono wa kamera, jicho limebanwa kwenye lenzi, hawezi kushika kitu kingine. Kando yake amesimama Osa na bunduki. Mke akitetereka, mume amekufa. Je, bwana, wewe ungemwachia mkeo maisha yako namna hiyo? Na jioni ni yuyo huyo Osa aliyesimamia jiko na bustani ya mboga, ambayo ndovu waliivamia. Mama anayeamka kabla ya jogoo anajua uchovu huo.

Filamu yao *Simba* ilitoka mwaka 1928, na Osa alionekana ndani yake kama nyota. Hata hivyo tuseme kweli: namna walivyowaonyesha Waafrika, kwa dhihaka, haipendezi. Baadaye wote wawili walijifunza urubani, wakarudi Afrika mwaka 1933 na ndege mbili, moja ina milia ya punda milia, nyingine madoa ya twiga.

Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka California. Martin alifariki kesho yake. Osa, aliyeumia vibaya, aliendelea na mihadhara waliyopanga pamoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya maisha yao, kikanunuliwa sana. Aliolewa tena, na meneja wake, lakini ndoa hiyo ikavunjika. Yule wa kwanza walikuwa wameishi naye karibu miaka 27.

Osa alifariki New York mwaka 1953. Alizikwa Chanute, Kansas, alikozikwa Martin.